Asante ya mbwa ni sindano

Waswahili tulishasema asante ya punda ni mateke. Jeshi la Marekani likaongeza la kwake: asante ya mbwa ni sindano. Katika vita vya Vietnam, mbwa wapatao 4,000 walinusa mitego na kuokoa roho za watu. Vita vilipokwisha, wengi waliachwa hukohuko au wakauawa. Kosa lao? Kwenye daftari la stoo waliandikwa vifaa, majirani wa hema na sufuria, na sufuria haina kiinua mgongo.

Kichekesho ni kwamba, kwa mila ya kambini, mbwa huhesabiwa kuwa na cheo kimoja juu ya askari anayemwongoza. Mkubwa wa kupigiwa saluti, lakini mali ya stoo!

Mwaka 2000 Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya kuruhusu mbwa wastaafu wachukuliwe na watu wa kuwatunza. Ikapewa jina la Robby, mbwa ambaye mwongozaji wake alimwomba akanyimwa. Na Robby mwenyewe? Mwanzoni mwa 2001 alidungwa sindano. Jina likapata pensheni, mwenye jina akapata kaburi.