Gari la Roketi Likimbizwe Wapi? Viwanja Tisa, Kuanzia wa Mkiani

Vijana wa Bawshar, hapa Muscat, Oman, wakianza kubishana habari za mwendo, maneno yote huishia kwenye injini: silinda ngapi, nguvu ngapi, roketi au injini ya ndege. Injini hununuliwa. Uwanja ndio kazi. Rekodi ya mwendo wa nchi kavu inadai gari lipite kwenye kipande kilichopimwa, ligeuzwe, lirudi kwa upande wa pili ndani ya saa moja, kisha uchukuliwe wastani. Ninyi wa injini kaeni upande ule. Orodha ya viwanja ni hii, na kila nafasi naitetea.

9. Mchanga wa Bawshar. Naanza na nyumbani nisije nikaambiwa napendelea kwetu. Matuta haya yaliyo katikati ya mji ni raha ya Patrol na Land Cruiser, na kila dereva anaijua siri: punguza upepo wa matairi, panda. Sasa sikia. Thrust SSC, gari lenye rekodi mpaka leo, lilikimbia juu ya magurudumu ya alumini tupu. Upepo wa kupunguza haupo! Likifika tutani halipandi, linaruka, na ng'ambo ya tuta kuna nyumba za watu. *Hukumu:* tuachieni Ijumaa yetu jioni.

8. Lami. Tarehe 23 Mei 1928, Fritz von Opel aliwasha roketi 24 za gari lake RAK 2 kwenye njia ya AVUS, Berlin, akafika kilomita 238 kwa saa. Kwa enzi ile, maajabu. Kwa mwendo wa rekodi ya leo ungetoka Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos ukafika Burj Al Sahwa kabla dakika haijaisha. *Hukumu:* kamera ya barabarani itapiga picha ya vumbi.

7. Ufukwe. Maji yakipwa Paje, mtu huona uwanja usio na mwisho. Malcolm Campbell naye aliamini fukwe: Machi 1935, Daytona, kilomita 445 kwa saa. Septemba mwaka ule ule akaukimbia ufukwe, akaenda kwenye chumvi ya Bonneville na kuvuka maili 300. Mawimbi huacha mikunjo mchangani. *Hukumu:* waamuzi wana saa yao na bamvua lina yake.

6. Umm as Samim. Najua mtalia: mbona Oman ina uwanda mkubwa wa chumvi, kule mpakani na Saudia? Upo. Juu ganda, chini tope. Wilfred Thesiger, msafiri wa Kiingereza ambaye baadaye aliishi miaka mingi Maralal, Kenya, alipita pembeni yake mwishoni mwa miaka ya 1940. Mtu aliyevuka jangwa la Rub' al Khali mara mbili na ngamia, hapa alipita pembeni. Gari la tani kumi linatafuta nini pale? *Hukumu:* mwendo wa kwenda mbele una shaka, wa kwenda chini ni wa hakika.

5. Alvord, Oregon. Jina moja latosha: Kitty O'Neil. Kiziwi tangu utotoni, tarehe 6 Desemba 1976 aliingia ndani ya SMI Motivator, gari la roketi lenye magurudumu matatu kama bajaji, akatoka na wastani wa kilomita 825 kwa saa. Jessi Combs alifika 841 hapo hapo mwaka 2019, akafariki siku hiyo hiyo uwanjani. *Hukumu:* anayesema huu ni mchezo wa wanaume, njia ya kutokea ni ile.

4. Chalbi, Kenya. Hapa mtanirukia, na nirukieni. Ni sakafu ya ziwa la kale huko Marsabit, mashariki mwa Turkana: kavu, pana, makao ya Wagabra na ngamia wao. Mvua ikinyesha inageuka tope, lakini hata Bonneville hufurika. Na Kenya si mgeni wa roketi. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha roketi na kupeleka setilaiti angani kati ya 1967 na 1988. Za kwenda juu tumeshaziona. Ya kwenda mlalo bado. *Hukumu:* aletwe mpimaji, nauli tuchange.

3. Bonneville, Utah. Makao makuu ya roketi. Tarehe 23 Oktoba 1970 Gary Gabelich aliendesha The Blue Flame, lililotumia peroksidi ya hidrojeni na gesi asilia ya kimiminika, akawa wa kwanza kuvuka kilomita 1,000 kwa saa. Tangu hapo hakuna gari la roketi lililoshika rekodi kuu. Na dereva Craig Breedlove, hapo hapo, 1964? Parachuti za kusimamisha gari lake la injini ya ndege zilikatika, likagonga nguzo ya simu na kutumbukia kwenye bwawa la maji chumvi. Akatoka akiogelea. *Hukumu:* lingekuwa la pili, ila chumvi yake inazidi kuwa nyembamba.

2. Black Rock, Nevada. Tarehe 15 Oktoba 1997 Andy Green, rubani wa jeshi la anga la Uingereza, alifika kilomita 1,227.985 kwa saa ndani ya Thrust SSC na kuupita mwendo wa sauti. Kabla ya hapo gari lilijaribiwa Al Jafr, Jordan, kwa hiyo jangwa la Kiarabu lina mkono wake humo. Wapenzi wa roketi msishangilie: zilikuwa injini mbili za ndege, Rolls-Royce Spey. *Hukumu:* wana rekodi, na namba moja nimewanyima. Soma kwanza ndipo upige kelele.

1. Hakskeen Pan, Afrika Kusini. Zaidi ya watu 300 wa jamii ya Mier, Northern Cape, waliokota mawe kwa mikono, tani kama 16,000, mpaka ikapatikana njia ya kilomita 19 iliyonyooka. Kwa mikono! Novemba 2019 Green yule yule alifika humo kilomita 1,010 kwa saa ndani ya Bloodhound, kwa injini ya ndege ya kivita peke yake. Roketi iliyokusudiwa kulipeleka gari hilo maili 1,000 kwa saa haijawashwa ndani yake. Gari lipo, sakafu ipo. Kilichokwama ni fedha. *Hukumu:* Black Rock walikuta uwanja, Hakskeen waliutengeneza. Anayetaka kupindua orodha hii aje na tani zake za mawe.