Jinsi ya Kufika Unguja kwa Dakika 20 Ukitokea Tegeta

Anza na ramani. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere uko nyuzi 6.88 kusini mwa ikweta. Ule wa Abeid Amani Karume, nyuzi 6.22. Toa, kisha zidisha kwa 111, maana ndizo kilomita za uzi mmoja wa latitudo. Unapata 73. Longitudo usihangaike nayo: 39.20 na 39.22, yaani viwanja hivi vimepangana karibu mstari mmoja, Unguja juu, Dar chini. Ndege ndogo kama Cessna Caravan hukata takriban kilomita 300 kwa saa. Gawanya: dakika 15. Ongeza kupanda, kushuka na kutambaa ardhini, zinatimia 20. Tiketi haijakudanganya.

Sasa toka nyumbani. Unguja iko kaskazini, kwa hiyo geukia kusini. Pita Mwenge, Ubungo, ifuate Mandela mpaka Tazara, ndipo uishike Barabara ya Nyerere. Ukishapaa, karibu theluthi nzima ya safari ya angani itakuwa ya kukurudisha usawa wa Tegeta, pale pale ulipokunywa chai.

Barabara haina fomula. Ubungo ya alfajiri si Ubungo ya saa mbili asubuhi, na masika yakikolea hesabu zote zifute. Msafiri mwenzako akikupigia, "Nipo Tazara, nafika sasa hivi," mpe nusu saa na umwombee dua.

Uwanjani fika saa moja kabla. Begi liwe laini, na mara nyingi lisizidi kilo 15. Mwenye gunia la mchele wa Mbeya apande boti. Ukiambiwa nawe upande mizani, panda bila kununa: ndege ndogo lazima uzito wake upangwe isielemee upande mmoja, na hilo ni kwa ajili ya roho yako.

Usisahau upepo. Miezi ya kusi unakusukuma mgongoni ukienda Unguja. Kaskazi ikivuma unapigana nao. Tena ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, kwa hiyo rubani huenda akaanza kwa kukupeleka usikokwenda, kisha ageuze. Zile kilomita 73 ni za ramani.

Aliyeko Posta namshauri apande boti, tena kwa moyo mweupe. Ni kama saa mbili tu baharini, na inamshusha Malindi, ubavuni mwa Mji Mkongwe. Dakika 20 kamili ni haki ya aliyeshuka kutoka Mwanza, akaunganisha ndege bila kuonja foleni.

Lililobaki ndilo kubwa: mwenyeji. Huyu amesikia "dakika 20" akaziamini, na adabu ya safari inataka asisubirishwe kwa hesabu ya ndege. Usimwambie ndege inaruka saa ngapi. Mwambie utabisha hodi saa ngapi. Jumlisha barabara, foleni ya mizani, kusubiri begi, na gari la kutoka uwanjani Kiembesamaki. Kama yuko Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, ongeza zaidi ya saa nzima, na umsihi asianze kukuna nazi mpaka umpigie simu ukiwa ndani ya gari, upande ule wa bahari.