Nani Katia Maji Kwenye Kachumbari?

Jumapili iliyopita wakwe walikuja kula pilau. Mimi nilipangiwa kachumbari, kazi ambayo mke wangu aliamini hata mtu wa aina yangu hawezi kuiharibu. Saa nne asubuhi nilikuwa nimeshamaliza: vitunguu nimevikatakata vyembamba, nyanya, pilipili, ndimu, chumvi vijiko viwili vya kujaa. Nikafunika bakuli, nikajilaza na gazeti.

Saa nane nafunua, nakuta bwawa. Vitunguu vimelegea kama kamba za viatu vilivyolowa, nyanya zinaelea.

"Nani katia maji humu?" nikafoka.

Nyumba nzima kimya, isipokuwa binti wa dada yangu. Yuko kidato cha tatu, anasoma sayansi, na watoto hao kunyamaza hawajui.

"Anko, hayo maji umeyatoa wewe."

Eti kila seli ya kitunguu imefunikwa na utando. Si yale maganda tunayomenya, la. Huu ni mwembamba kiasi kwamba ukipanga tando kama elfu kumi ndipo unapata unene wa karatasi moja ya daftari. Ni wa mafuta, tabaka mbili: vichwa vinavyopenda maji vinatazama nje na ndani, mikia isiyotaka hata kuyasikia imejibana katikati. Maji hupita, chumvi huzuiwa. Chumvi ikizidi huku nje, maji ya ndani huifuata na seli inanywea. Kinyume chake ndicho anachofanya mama mboga wetu: ananyunyizia mchicha maji, majani yanasimama, na bei inasimama nayo.

Nikaona nimembana. "Sasa kama utando ni mafuta, maji yanapitaje? Mafuta na maji yamepatana lini?"

Akanijibu bila hata kufikiri. Mengine hupenya taratibu, lakini mengi hupitia vijifereji vya protini, na Mmarekani Peter Agre alipata Nobeli ya Kemia mwaka 2003 kwa kuvigundua. Kimoja hupitisha molekuli zaidi ya bilioni moja za maji kwa sekunde. Bomba la kwetu hupitisha upepo, tena kwa zamu.

Kilichonichoma zaidi ni habari ya Waholanzi wawili, Gorter na Grendel wa mji wa Leiden. Mwaka 1925 walitoa mafuta kwenye seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanaenea mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Wakasema: basi ni tabaka mbili. Baadaye ikaonekana mafuta hawakuyatoa yote, na eneo la seli nalo walilipima pungufu. Makosa mawili yakafutana, jibu likawa sahihi, na wanatajwa kwa heshima mpaka leo. Mimi nimekosea mara moja tu, tena kwenye bakuli!

Basi, nikasikia wakwe wanapiga hodi. Kuficha ushahidi, nikainua bakuli na kuyanywa yale maji yote, na ndimu yake, na pilipili yake.

Saa kumi na moja tumbo likaniita. Likaniita tena wakati mama mkwe anasimulia habari za msiba wa kijijini, nikaondoka mbio, akadhani nimeshikwa na uchungu. Kufikia usiku nilikuwa nimekwenda mara sita. Mke wangu akaagiza maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi.

"Sukari yote hiyo, kwa bei hii?" nikalalamika. "Wekeni chumvi peke yake."

"Anko," yule binti akaanza tena. Kwenye utando wa seli za utumbo mdogo kuna mlango ambao chumvi na sukari huingia pamoja, na zikiingia, maji hufuata. Robert Crane alilieleza hilo mjini Prague mwaka 1960. "Ukinywa chumvi tupu, unajiongezea safari."

Nikanywa na sukari yake. Safari zikapungua.

Wakwe wameahidi kurudi Jumapili ijayo. Eti pilau lilikuwa zuri, kachumbari tu ilikuwa kavu. Nawe msomaji, chumvi tia wageni wakishanawa mikono.