Sufuria Imelowekwa

Wapo waliosifu mvua, wapo waliosifu ng'ombe, na wapo waliosifu wabunge. Kuosha vyombo hakujapata msifu, na kisa chake nakifahamu: wenye vinywa vya kusifu huwa wameshanawa mikono na kuinuka kabla sahani hazijakusanywa. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kundi hilo, hadi mke wangu alipokwenda Musoma kumuuguza dada yake, akaniachia funguo, kuku saba na beseni. Leo ni siku ya sita. Nimeona nitoe sifa iliyochelewa, nikiwa nimekaa kwenye kigoda hapa uani kwangu Nkende, ubavuni mwa mji wa Tarime, huku sufuria ya ugali ikiwa imelowekwa.

Nianze na huko kuloweka, maana ndiko hekima ya kazi hii ilikolala. Asiyejua hudhani kuloweka ni uvivu. Unga ukishapata moto na maji, wanga wake huvimba na kunata; ule unaogusa kitako cha sufuria hukauka ukawa ukoko, ukashika kama rangi ya mlango. Ukiuvamia hapo hapo kwa nguvu, utaumiza kucha na kuichubua sufuria. Ukimwaga maji ukaenda zako, wanga unayanywa tena polepole, unalegea, mwisho unabanduka wenyewe kama mgeni aliyekumbuka kwao. Nitajie kazi nyingine inayofanyika vizuri zaidi mwenye kazi akiwa hayupo. Jaribu kuloweka palizi. Jaribu kumwambia mwenye nyumba kwamba kodi umeiloweka. Lakini ukisema "sufuria imelowekwa," hakuna mtu awezaye kukulaumu, maana umeshaanza kazi kisheria, kilichobaki ni utekelezaji. Ukoko wa sembe hutosheka na saa mbili. Ule wa udaga uliochanganywa na mtama, ugali wetu mweusi unaovutika, unataka usiku kucha. Mimi huupa siku mbili, kwa heshima.

Halafu kuna majivu. Siku hizi kila duka hapa mtaani limening'iniza pakiti za sabuni ya unga mlangoni kama mapambo ya harusi, lakini sabuni ni mgeni tu hapa. Mwenyeji ni majivu. Bibi yangu alikuwa akichota konzi moja ya majivu jikoni, akalowanisha dodoki, akasugua sahani yenye mafuta mpaka ikalia. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni umaskini. Baadaye nikajifunza kwamba majivu ya kuni yana magadi ndani yake, na magadi yakikutana na mafuta hugeuka kuwa sabuni. Kumbe bibi alikuwa na kiwanda cha sabuni kiganjani, kikizalisha mara tatu kwa siku bila leseni, na TRA hawakuwahi kukigundua.

Yeye ndiye aliyekuwa na siri ya pili, ambayo laiti ningeikumbuka siku ya kwanza. Kabla ya kuteleka kwenye mafiga, sufuria hupakwa udongo wa maji au majivu kwa nje. Masizi yanakaa juu ya udongo, na wakati wa kuosha yanatoka nao pamoja kama shati linavyovuliwa. Mimi niliteleka sufuria ikiwa uchi. Nimesugua kwa stili waya, nimesugua kwa mchanga, na weusi umehama kweli: kutoka kwenye sufuria kuja kwenye mikono yangu, kutoka kwenye mikono kwenda kwenye taulo, na kutoka kwenye taulo kwenda usoni, jambo nililoambiwa na muuza duka.

Sifa nyingine ni ya samaki. Sisi wa huku juu hatuoni ziwa, lakini dagaa na sangara wanapanda kila siku hadi sokoni Tarime, na wakiisha kuliwa wanaacha shombo. Shombo ni mpangaji asiyelipa wala kuhama. Ukiosha sahani ya samaki kwanza, halafu vikombe vya chai katika maji yale yale, kesho asubuhi utakunywa Ziwa Victoria lenye sukari. Hili nalo nimelipitia. Wenye ujuzi huanza na vikombe, wakaja kwenye sahani, wakamalizia na masufuria, na maji yakazidi kuwa machafu kwa mpangilio. Utaratibu huu haukuandikwa popote nyumbani kwangu. Ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo yuko Musoma.

Kuhusu maji nina ushahidi kutoka ng'ambo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwahi kuwakusanya watu 113 kutoka nchi saba za Ulaya, wakawapa kila mmoja vyombo vichafu 140, kuanzia sahani hadi vijiko, waoshe kwa mikono kama waoshavyo kwao. Wastani ulikuwa lita 103 kwa mtu mmoja. Mashine ya kuoshea, kwa mzigo ule ule, ilihitaji kama lita 15 tu, ikatangazwa kwamba mkono umeshindwa. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Lita 103 ni madumu matano na kitu. Kila dumu la lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa, na vilima vya Tarime mnavijua. Walioshindwa si mikono, ni mabomba. Mtu aliyepanda kilima na dumu hafungulii maji yakamwagika huku akitazama dirishani. Dumu moja linatosha kwa karamu: maji ya kusuuzia vikombe yanaoshea sahani, yaliyooshea sahani yanaloweka sufuria, na yaliyoloweka sufuria yanamwagwa kwenye migomba. Ndiyo maana mgomba wa nyuma ya jiko una mkungu mnene kuliko yote shambani. Mkungu huo, kwa maoni yangu, ungepaswa kuwa mmoja wa wale 113.

Na hiyo mashine yenyewe ina asili ya kuchekesha. Mmarekani aitwaye Josephine Cochrane, wa mji wa Shelbyville katika jimbo la Illinois, alipata hataza yake mwaka 1886, na mwaka 1893 akaionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Hakuibuni kwa sababu alichoka kuosha. Alikuwa mama wa kitajiri, na kilichomuudhi ni watumishi wake kumvunjia sahani za kaure. Tazama basi: aliyewakomboa waosha vyombo duniani alikuwa na uchungu wa sahani! Wateja wake wa mwanzo wakawa mahoteli. Kijana mmoja wa jirani anafanya kazi jikoni kwenye hoteli ya watalii huko Serengeti. Anasema mashine wanayo, inanguruma kama lori la mchanga, lakini kabla ya kuilisha lazima kwanza akwangue masalia kwa mkono na kunyunyizia maji. Yaani mashine inaoshewa vyombo kabla haijaosha.

Serikali nayo imewahi kuingia kwenye beseni. Mwaka 1973 redio ilituendesha katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza vipindi, wakasoma vitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Tangu zamani bwana afya akiingia uani macho yake yana njia yake: choo, shimo la taka, kichanja cha vyombo. Kichanja ni miti minne na fito juu yake, kazi ya nusu saa, lakini nakisujudia. Sahani ikilala chali juu ya sinia ndani ya nyumba, inakaa na unyevu na mende. Ikifudikizwa juani inakauka, na jua lenyewe lina mionzi inayoua vijidudu, bure, bila kuchajiwa. Kipindupindu kilipotuzukia mwaka 2015, kikaanzia Dar es Salaam na kusambaa mikoani, mahubiri yalikuwa yale yale: nawa, chemsha, osha, anika. Magonjwa yanabadilisha majina. Kichanja kimebaki na miti minne. Changu kina mitatu. Wa nne niliutoa mwaka jana kutengenezea banda la kuku, na mke wangu alisema tutazungumza.

Nije kwenye utukufu wenyewe, na hapa naomba wanaume wenzangu wasogee. Ukitaka kujua kazi hii ilivyo ya heshima, tazama tulivyoiachia wengine. Mkurya hana hofu: ukitaka mtu wa kukabiliana na simba, mwite, ukitaka askari, foleni inaanzia Sirari. Lakini mpe dodoki, atakwambia mkono una ganzi. Na ajabu ni kwamba tuliwahi kuijua vizuri. Aliyepita JKT kwa mujibu wa sheria, kabla haijasimamishwa mwaka 1994 au baada ya kurudishwa mwaka 2013, alikuwa na sahani yake ya bati, akaiosha mwenyewe kwa mchanga, akaisimamisha mbele ya afande iking'aa. Hakuna aliyemuita afande shangazi. Kijana huyo huyo akirudi nyumbani likizo, akipita geti tu, ujuzi wote unamtoka kama jasho. Juzi nilikuwa nimeinamia beseni, mzee mmoja akapita njiani, akasimama, akaniangalia kama mtu aonavyo ajali. "Mura," akasema, "unaumwa?" Nikamjibu kwamba nawatafuta kuku. Akatazama povu mikononi mwangu, akasema wako upande ule, akaenda zake kwa adabu.

Wanawake wanalijua daraja la kazi hii kuliko sisi. Mkwe mpya akifika, mashangazi hawaulizi alisoma wapi. Wanasubiri atoke kwenda kuchota maji, ndipo wanainua sufuria na kutazama kitako. Vyeti vyake viko pale. Kwenye msiba ndiko utakapoona chuo kikuu cha kazi hii: masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani, sahani za majirani wa kaya kumi zimechanganyika, na jioni kila sahani inarudi kwa mwenyewe kwa sababu kila mama alishapaka tone la rangi ya kucha chini ya yake. Sisi wakati huo tuko kwenye viti tunajadili ratiba.

Watoto ndio mawakili hodari wa upande wa pili. Mimi nilikuwa mmoja. Wazee walituambia kufagia usiku ni kufagia riziki ya nyumba, nami nikaipanua sheria ile: ikiwa ufagio unatoa riziki, je, maji yanayomwagwa nje gizani? Nikatoa hoja hiyo mbele ya mama, beseni likiwa katikati yetu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, aliyetunga hilo alimwachia vyombo mama yake. Kisha akaniletea kibatari.

Jana nilichukua kipande cha mkaa nikapiga hesabu nyuma ya kalenda. Milo mitatu kwa siku, siku 365, miaka 27 ya ndoa: milo 29,565. Nikaondoa siku za safari, nikaondoa misiba na harusi, nikaondoa siku tulizolala na chai kavu. Bado ilibaki namba ambayo sikupenda kuitazama, nikaigeuza kalenda ukutani upande wa picha. Kwa upande wangu nina milo 18 tangu Jumatatu. Siku ya nne sahani zilikwisha. Siku ya tano nilikula kwenye mfuniko wa sufuria, na naweza kuusifu mfuniko pia, una kishikio chini kinachoufanya uyumbe kama mtumbwi, ukamkumbusha mlaji asizungumze sana. Leo mchana nimekula ndizi za kuchoma, chakula cha watu walioona mbali.

Ndipo simu ikaita. Mke wangu aliuliza kuku kwanza. Nikasema wote saba wazima. Akauliza mdogo wake kama alipita, nikasema hakupita. Kimya kidogo, nikasikia sauti za wodini nyuma yake.

"Na vyombo, baba?"

"Nimeviloweka."

"Vyote?"

Nikatazama. Beseni limejaa. Karai limejaa. Ndoo ya kukamulia imejaa, na kwenye sinki, ambalo tulijengewa likangojea bomba mpaka leo, masufuria yamepandana kama abiria wa gari la mnada. Nikamwambia maji ya huku ni baridi siku hizi, wanga unachelewa. Akasema dada yake ameruhusiwa, na yeye kesho atapanda gari la kwanza. Gari la kwanza kutoka Musoma likitoka saa kumi na mbili, saa tatu haijafika yuko getini.

Giza limeshaingia. Wazee walikataza kufagia. Nimewakumbuka mmoja mmoja, wa baba na wa mama, wala hakuna hata mmoja aliyetaja kuosha. Nakwenda kuchota majivu.