Mwongozo wa Kununua Kipimaumbali, kwa Asiyependa Maswali

Umeshaamua. Bunduki unayo, darubini iliyofungwa juu yake imekula pesa kuliko bunduki yenyewe, na kibali cha kitalu cha kuwinda kinashughulikiwa. Kilichobaki ni kipimaumbali cha leza, kile kidude cha kushika mkononi: unakielekeza kwa mnyama, unabonyeza, tarakimu zinawaka ndani ya kioo. Madukani vimejaa, na kila kimoja kinajisifu. Fuata mwongozo huu, hutachelewa kufika kwa mtunza fedha.

Anza na namba kubwa iliyo mbele ya kasha. Ukikuta 2,000, chukua. Ukikuta 3,000 kwenye rafu ya pili, rudisha ulichochukua. Kasha usiligeuze, kwa sababu nyuma yake watengenezaji waungwana huandika namba nyingine mbili, ya mti na ya paa, na hiyo ya paa mara nyingi haifiki hata nusu ya ile iliyokuvutia. Namba kubwa hupatikana kwa kupimia kibao kinachorudisha mwanga, ndugu yake alama za barabarani. Kwa hiyo siku utakapokutana porini na alama ya barabarani imesimama mita 1,800 kutoka ulipo, utaujua umbali wake bila wasiwasi wowote. Nyati hakupakwa rangi hiyo. Manyoya na ngozi huurudisha mwanga kwa ubahili, tena vikiutawanya kila upande.

Halafu, 2,000 za nini? Hili usiulize kabisa. Vifaa vingi vilivyolengwa kwa soko la Marekani huhesabu kwa yadi, na yadi ni mita 0.9144. Jedwali la risasi ulilobandika kwenye kitako cha bunduki huenda liko kwa mita. Kifaa kikisema 800, nawe ukapandisha darubini kwa mita 800, mnyama atakuwa kwenye mita 731 na nusu. Kwa risasi ya kawaida kama .308, tofauti hiyo inatosha kuipitisha juu kabisa ya mgongo, na mnyama atabaki akijiuliza ni nini kilichovuma. Hilo ndilo kosa lenye huruma kuliko yote katika mwongozo huu, maana hakuna anayeumia.

Muuzaji akianza kueleza kifaa kinavyofanya kazi, mkatize. Angekwambia kwamba kinarusha mapigo mafupi ya mwanga usioonekana kwa jicho, kisha kinahesabu muda unaopita mpaka mwanga urudi. Mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kila mita moja ya umbali huongeza takriban nanosekunde 6.7 za kwenda na kurudi. Kwamba mashine ya kutia mfukoni inaweza kuhesabu hivyo ni ajabu halisi, na hapa nakiri kwamba kejeli yangu inakosa pa kushika. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza kule Malibu, California, mwezi Mei 1960, na haikupita miaka mingi majeshi yakawa yanapimia umbali kwa mwanga huo. Sasa anaupimia mtu aliyekuja porini kwa likizo.

Muuzaji huyo huyo angekwambia pia kwamba jua la saa saba mchana hutoa mwanga wa aina ile ile, kwa hiyo kifaa hupata shida kuutofautisha wake na wa jua. Kwamba alfajiri na machweo kinaona mbali zaidi. Na kwamba vumbi, ukungu na moshi hukirudishia majibu ya uongo. Wewe unakwenda kuwinda kiangazi, wakati nyasi za miombo zinachomwa na moshi umetanda bondeni. Utanunua hicho hicho.

Kuhusu upana wa mwali, nyamaza. Wanunuzi wengi wanaamini kwamba leza ni uzi mwembamba unaogusa pale tu kinapogusa kile kialama cha ndani ya kioo. Ukweli ni kwamba mwali hutanuka unavyokwenda. Ule wenye mtanuko wa miliradiani 1.5, ambao si wa kushangaza kwa vifaa vya bei nafuu, unakuwa na upana wa sentimita 90 kwenye mita 600, na mita moja na nusu kwenye mita 1,000. Kifua cha swala pala hakifiki hata nusu ya hiyo ya kwanza. Kwa hiyo mwali wako unampata swala, unazipata nyasi zilizo mbele yake, na unakipata kichuguu kilicho nyuma yake. Kisha kifaa kinachagua jibu moja na kukuonyesha kwa tarakimu nyekundu zisizo na chembe ya shaka.

Ndiyo maana nakushauri ununue kile cha gofu kilichopunguzwa bei. Cha gofu kimefunzwa kushika kitu kilicho karibu zaidi, kwa sababu mchezaji anaitafuta bendera na hataki kusomewa miti iliyo nyuma yake. Porini kitakusomea majani kwa uaminifu mkubwa. Cha mwindaji hufanya kinyume: hupuuza vijiti vya mbele na kutafuta kilicho mbali zaidi, na vingine vinakuruhusu kubadili kutoka hali moja hadi nyingine. Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji wa mchezo ulipigwa marufuku mwaka 1977, ana haki kamili ya kucheka hapa na kwenda zake kiwanjani.

Wapo wakorofi ambao kabla ya kununua huomba kutoka nje ya duka. Huelekeza kifaa kwenye nguzo ya umeme iliyo peke yake, mbele ya anga tupu, kisha wanakisogeza pole pole kushoto na kulia, juu na chini, wakiangalia tarakimu zinatokea wapi na kupotea wapi. Kwa dakika chache tu wanakuwa wamejua mwali una upana gani na kama kialama cha kwenye kioo kinaelekea kweli unakoelekea mwali, maana si lazima viwe pamoja. Watu wa namna hiyo huharibu biashara. Usifuatane nao.

Kuna kipengele cha kusahihisha mteremko, nacho kina manufaa ya kweli mlimani. Ukimlenga mnyama aliye mita 400 chini yako kwa pembe ya nyuzi 30, risasi inapiga kana kwamba yuko mita 346 hivi, kwa sababu mvutano wa ardhi unahusika na ule umbali wa mlalo. Wawindaji wa Wyoming na Montana, kule Marekani, wanakihitaji. Kama kitalu chako ni mbuga tambarare, kilipie vile vile.

Sasa tuje kwenye kile cha bei ya pikipiki: kifaa chenye hesabu za risasi ndani yake. Hiki hakikupi umbali peke yake, kinakuambia upandishe darubini kiasi gani. Kina kipimajoto, kina kipima mgandamizo wa hewa, kinaongea na simu. Unachotakiwa kukilisha ni uzito wa risasi, umbo lake, na kasi yake inapotoka mdomoni mwa bunduki. Kasi hiyo usiipime. Nakili iliyoandikwa kwenye boksi la risasi, ambayo kiwandani huenda ilipatikana kwa mtutu mrefu kuliko wako. Kifaa hakitagundua. Kitakokotoa uongo wako kwa usahihi wa desimali moja.

Wala hakitapima upepo ulioko kwa mnyama. Upepo mwanana, wa mita 4 kwa sekunde ukikata kutoka ubavuni, huisukuma risasi ya .308 zaidi ya mita moja pembeni kwenye umbali wa mita 800. Safari hiyo yenyewe huichukua risasi zaidi ya sekunde moja, na katika sekunde hiyo kongoni ana uhuru wote wa kupiga hatua ili afikie majani mengine. Kifuani palipokuwa shabaha, sasa pana tumbo. Haya yote hayamo kwenye kasha, na kwa kweli si kosa la kasha. Kifaa kiliulizwa umbali, kikajibu umbali. Ujasiri uliongeza mwenyewe.

Anayebisha kwamba kuujua umbali hakutoshi, atakutajia manowari. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, Königsberg ya Wajerumani iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga Zanzibar ikishughulikia mitambo yake. Ilianza kuipiga kutoka zaidi ya kilomita 8. Makombora ya Pegasus yakawa yanaishia majini, na meli ikazama. Baadaye Königsberg ikajificha katika delta ya Rufiji. Julai 1915 Waingereza walileta meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, zikawa zinapiga juu ya mikoko chombo zisichokiona, huku ndege ikizunguka angani kuwaambia kila kombora limeangukia wapi. Jaribio la kwanza, tarehe 6, lilishindikana. La pili, tarehe 11, lilifanikiwa. Yaani jeshi zima, pamoja na mtu wa kuwasahihisha kutoka juu, na bado walirudia. Tena meli haikuwa ikila majani huku na huku.

Kusini-magharibi ya delta hiyo kuna Pori la Akiba la Selous na vitalu vyake, na huko utakuta desturi ambayo namba yako ya 3,000 haikuitarajia. Mwindaji bingwa anayekuongoza atataka umpige nyati kutoka chini ya mita 100, bunduki ikiegemea zile fimbo tatu. Hata Marekani, nyumbani kwa risasi za mbali, Boone and Crockett Club, iliyoanzishwa na Theodore Roosevelt na wenzake mwaka 1887, imesimama hadharani kupinga kumpiga mnyama kutoka umbali unaomnyima nafasi ya kukugundua. Wewe puuza. Toa kifaa, bonyeza, mtangazie mzee anayefuata nyayo.

"Mzee, 412 hizo."

"Nimekusikia, bosi. Upepo unatupendelea, tutambae mpaka pale kwenye mkwaju."

"Lakini hiki kinapima mpaka 3,000."

"Kinapima, bosi."

Usidanganyike na heshima hiyo, keshaanza kutambaa. Akiinuka na kukusubiri, mwambie una maumivu ya goti, kisha fyatua kutoka ulipo. Ukimjeruhi nyati akapotelea vichakani, bado utamlipia kama aliyeanguka, ndivyo desturi ya biashara hii ilivyo. Ila hawatakuacha uishie kwenye kulipa. Mwindaji bingwa atavua miwani, mzee atainama kwenye damu, nao wataingia mle ndani kumfuata, na wewe ukiwa mtu mwenye aibu utawafuata nyuma. Humo nyasi ni za kifuani na huoni zaidi ya hatua chache. Kifaa kiache mfukoni. Karibu vyote vina kiwango cha chini cha kupimia, mita 5 kwa vingine, kumi kwa vingine, na kitu kilicho karibu kuliko hapo huonyeshwa kwa vistari vitatu.