Natafuta Stima Chini ya Kiti

Saa nane za usiku, mahali fulani angani kati ya Nairobi na London, kichwa changu kilikuwa kimekwama katikati ya magoti ya mama mtu mzima ambaye tulijuana tangu chakula cha jioni tu. Alikuwa ameshaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Kosele, akafurahi kwa kuwa dada yake aliolewa upande wa Oyugis. Undugu huo ndio ulioniokoa. Mwingine angepiga nduru.

"Nyathina," akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyelea wengi, "umepoteza nini huko?"

"Samahani, mama. Natafuta stima."

Safu ya mbele ikacheka, ya nyuma ikacheka, na kijana wa kiti cha pembeni akavua visikizio vyake ili asipitwe. Wiki haijaisha na masikio yangu bado yanawaka.

Soketi za ndege, kwa wasiozijua, hufichwa pale mkono usipofika. Yetu ilikuwa chini, kwenye mguu wa kiti, gizani, na watu watatu tuligawiwa soketi mbili. Chaja yangu ina plagi ya Kenya, ile ya pini tatu za mstatili. Soketi ile ilikubali pini mbili tu, bapa au za mviringo. Katikati ya hao wawili wasioelewana nilikuwa nimeweka mpatanishi: adapta nyeupe niliyoinunua Kosele siku ya soko, kwenye meza iliyokuwa kati ya viatu vya mitumba na betri za tochi. "Omera," muuzaji aliniapia, "hii inaingia popote duniani." Hakunidanganya. Kuingia iliingia. Kukaa ndiko kulikoishinda. Kila mama alipobadilisha mguu, adapta, plagi na waya vilichomoka pamoja na kuanguka, na alikuwa amevua viatu. Mara ya mwisho ilimpata kidole gumba. Mhudumu akaja na tochi, akaiokota kwa ncha za vidole viwili, akaiinua juu abiria wote waione, akauliza, "Hii ni ya nani?"

Ni aibu kubwa kukiri kitu cha shilingi mia mbili mbele ya watu wenye pasipoti.

Baadaye nilisoma sana habari za adapta, kwa hasira zaidi kuliko elimu, na nimegundua kuwa adapta haifanyi lolote. Haipunguzi volti wala haiongezi. Inabadilisha umbo la pini, basi. Kazi yote inafanywa na lile tofali jeusi la chaja. Ligeuze usome: wameandika kwamba linapokea volti 100 hadi 240, mizunguko 50 au 60 kwa sekunde. Maana yake linakula stima ya Kosele, ya Tokyo na ya ndegeni bila kulalamika. Ndani yake stima ya ukutani hunyooshwa kwanza ikawa ya mwelekeo mmoja, kisha hukatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ndipo ikapitishwa kwenye transfoma ndogo inayotosha kiganjani. Siri iko kwenye kasi hiyo. Stima ikibadilika haraka, transfoma inahitaji chuma kidogo. Zile chaja za zamani zilizokuwa nzito kama jiwe la kusagia zilikuwa zinangoja mizunguko 50 ya ukutani kwa subira, na subira ile ilikuwa na uzito wake.

Wenye ndege waliijua siri hiyo kabla yetu. Stima ya nyumbani Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde kwa volti 240. Ndege nyingi huzalisha ya volti 115 inayobadilika mara 400, kusudi mota na transfoma zote za ndani ziwe nyepesi. Sasa stima hiyo ya kasi haifai kumpa abiria na chaja yake ya sokoni, kwa hiyo chini ya viti hukaa kisanduku kinachoigeuza kuwa volti 110, mizunguko 60. Nilipokuwa nimelala pale kwenye zulia kama fundi wa matatu, pua yangu ilikuwa sentimita chache kutoka kwenye kisanduku hicho, na sikujua hata kukisalimia.

Soketi zenyewe zina akili pia. Nyingi zimewekewa swichi mbili ndogo ndani, na stima haitoki mpaka pini zote mbili zizame kwa pamoja. Ni kwa ajili ya mtoto mwenye pini ya nywele: akichokoa tundu moja, hapati kitu. Pini za adapta yangu zilikuwa fupi kidogo, moja ikifika mapema na nyingine ikichelewa. Kwa hiyo soketi iliniangalia usiku kucha ikiniona mtoto mwenye pini ya nywele.

Hatimaye nilifanikiwa. Nilikunja blanketi la ndege, nikalishindilia chini ya adapta, nikaibana kwa kisigino. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Laptopu ikalia ile sauti yake ya kushukuru. Mama akasema, "Ahsante Mungu," kwa dhati kabisa, kwa maana alitaka kulala. Kisha taa ikazimika, na si yangu peke yangu: yule kijana wa pembeni, aliyekuwa akitazama filamu kwenye simu iliyochomekwa soketi ya pili, akaniangalia kwa macho ambayo tangu hapo hayakunitoka.

Hapa ndipo tunapokuta nambari ambayo hakuna anayeitangaza: 75. Soketi ya kiti cha kawaida kwa desturi hupimiwa wati 75. Ukipita hapo, inajikata. Chaja yangu imeandikwa volti 19 na ampea 4.74, zidisha, unapata wati 90. Laptopu iliyojaa betri hutosheka na wati ishirini, thelathini, lakini yenye betri tupu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kufanya kazi na kujilisha, na hapo ndipo inapopapia kila ilichopewa.

Wakenya tunalijua jambo hili la mzigo kuzidi kwa kiwango cha taifa. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mashine nyingine zikalemewa na mzigo zikajizima pia, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na nchi nzima ikaingia gizani. Kampuni ya umeme ya KenGen ilitangaza kwamba tumbili alinusurika na akakabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mimi nilizima soketi mbili, na hakuna shirika lililokuja kunichukua. Nilibaki na kijana yule mpaka asubuhi.

Najua utetezi wa wenye ndege. Viti mia tatu vikila wati 75 kila kimoja ni kilowati 22 na nusu, na kila kisanduku na kila waya ni uzito unaochomewa mafuta. Sawa. Lakini chukua ndege kama Boeing 787: injini zake mbili hubeba jenereta nne za kilovolti-ampea (kVA) 250 kila moja, jumla 1,000. Transfoma za kVA 50, zile unazoziona kwenye nguzo ukipita vijijini kwetu, ingebidi uzipange ishirini ili zilingane nayo. Kweli, sehemu kubwa ya stima hiyo inasukuma hata hewa tunayovuta. Lakini ipo, na kule mbele, nyuma ya pazia, kila kiti kina soketi yake mahali ambapo mkono unafika bila kupita kwa jirani.

Na kinachoniuma hasa si pazia. Laptopu yangu ni ya mitumba kama viatu vile vya sokoni. Ilitumika ofisini Ulaya mpaka wenyewe wakaichoka, ikapakiwa, ikauzwa Nairobi ikiwa na betri ambayo hudumu muda wa kikombe kimoja cha chai. Inakula wati 90 kwa sababu ni kuukuu. Mwenye pesa alinunua mpya, nyembamba, inayoridhika na wati 45, betri inakaa siku nzima, na hata hiyo soketi haihitaji. Aliye na kidogo ndiye mwenye mashine yenye njaa, na soketi imepimwa kwa kipimo cha yule ambaye hana haja nayo. Tena mashine hizi zetu zinatoka kwao Ulaya. Wanatuuzia wanachokichoka, kisha tukisafiri nacho kwenda kwao, wanatumulika tochi.

Nilijaribu kujirekebisha kabla ya kurudi. Nilinunua chaja ndogo ya wati 65, ambayo ingekaa vizuri ndani ya 75. Laptopu ikaikataa. Kumbe baadhi ya kampuni huweka kwenye chaja waya wa ziada na kumbukumbu ndogo ya elektroniki yenye majina na wati zake, kitambulisho hasa, na kompyuta isipokisoma inaandika kwamba haimtambui mgeni huyu, inagoma kuchaji betri na inafanya kazi kwa kujivuta. Chaja halisi ya kampuni ilikuwa bei ya mbuzi wa Krismasi. Mwenye USB-C ya kisasa ameepushwa na balaa hili: chaja na mashine huulizana kwanza, volti 5, 9, 15 au 20, wakakubaliana, ndipo stima ikapita.

Pawabenki nayo nilinyang'anywa uwanja wa ndege. Ilikuwa imeandikwa mAh 60,000. Ofisa alizidisha kwa volti 3.7, akagawanya kwa 1,000, akapata wati-saa 222, na mkoba wa abiria unaruhusiwa hadi 100, au 160 kwa idhini ya shirika la ndege. Nilimweleza kwa heshima kwamba mtengenezaji alidanganya, kwamba kitu hiki hakijawahi kujaza simu yangu mara tatu. Akaniambia kazi yake ni kusoma maandishi. Siwezi kumlaumu sana: tangu ndege ya Air Busan iungue uwanjani huko Korea Kusini tarehe 28 Januari 2025, na wachunguzi wakaishuku pawabenki, watu hao hawana utani. Lakini kupoteza mali kwa sababu ya sifa ambazo haikuwa nazo!

Niliporudi, basi la usiku kutoka Nairobi lilikuwa na matundu ya USB kila kiti. Simu ilipanda na asilimia 31 ikashukia Oyugis na 29.

Kinyozi wa Kosele aliniruhusu nichomeke, ila nichomoe kila mteja anapoketi, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Basi kama una safari ndefu na mkoba wako ni kama wangu, geuza chaja usome OUTPUT, zidisha volti kwa ampea. Ukipata zaidi ya 75, jaza betri kabisa kabla ya kupanda, punguza mwanga wa kioo, au tafuta chaja ndogo ambayo mashine yako inaitambua. Jaribu nyumbani, usijaribu angani. Adapta ichomeke kwenye soketi ya dukani kabla hujalipa, uitingishe. Ikichomoka mbele ya muuzaji, itachomoka mbele ya mhudumu. Chomeka mapema, ndege ikishapanda na stima ikifunguliwa, kwa maana kwenye ndege nyingi mgao wa jumla ukijaa anayechelewa hapewi, na aliyetangulia hanyang'anywi.

Nanyi wenye ndege, mnatuandikia kwa lugha tatu namna ya kufunga mkanda ambao hata mtoto anaujua. Andikeni na wati kando ya soketi. Ni tarakimu mbili tu.