Shikilia Kidogo Tu

Mhasibu wetu amejifungua, hongera zake. Bosi akaniita: "Mdogo wangu, hebu shikilia kidogo tu pale uhasibu." Kidogo hicho, kwa sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004, ni siku 84 za likizo ya uzazi. Wakiwa mapacha, siku 100.

Ni mapacha.

Mimi kazi yangu ni kuchora mabango. Sasa najifunza kodi ya mishahara, ambayo tarehe yake ya mwisho, tarehe 7, haijui kama jana nilikuwa nachora tembo. Na tembo mwenyewe bado ananisubiri, hana mkonga. Nikauliza posho ya kukaimu. "Hukaimu, unashikilia tu." Kumbe! Kisha nikaandaa malipo ya mwezi kwa mkono wangu mwenyewe: mshahara wa mhasibu ni wangu mara mbili.